Kijani cha Mikumi na Kidole cha Mzee Damiano

Ukifungua kopo la rangi ukakuta juu mafuta matupu na chini tope linaloshindana na bisibisi, usimtukane mwenye duka. Yeye kauziwa kama wewe. Mtukane aliyeisaga. Na kama kopo lenyewe lilitoka Kilosa miaka ile ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipoanza kufunguliwa, huenda aliyeisaga ni mimi. Nitukaneni tu, wanangu, sina neno. Nakaa peke yangu hapa Mabwerebwere, watoto wako Dar es Salaam na simu zao za Jumapili, na kuna siku inapita tangu asubuhi hadi magharibi sijasikia mtu akilitaja jina langu.

Mwalimu wenu wa upakaji rangi alinijia akasema, "Bi Zena, njoo uwaambie vijana mawili matatu ya kazi." Nikakataa. Mimi nikisimama mbele ya watu kuzungumzia karakana ile, nalia kabla sijaanza. Nikamwambia nitaandika. Kwenye karatasi nalia vilevile, lakini nyinyi hamnioni.

Karakana yenyewe ilikuwa nyuma ya stesheni ya reli, banda la bati lenye madirisha mawili, mali ya shirika moja la umma ambalo halipo tena. Tulisaga rangi ya milango ya shule, ya matrela ya mashamba ya mkonge, ya madawati, ya majeneza mara moja moja. Bidhaa za nje zilikuwa adimu, kwa hiyo hata rangi mbaya ilikuwa na foleni. Nasema hivi ili msije mkadhani tulikuwa mabingwa kwa sababu tuliuza sana. Tuliuza kwa sababu hapakuwa na kingine.

Bingwa alikuwa mmoja tu, Mzee Damiano. Baba yake aliletwa kutoka mbali kukata mkonge, yeye akazaliwa kwenye kambi ya shamba, akajifunza kusaga rangi kwa fundi wa Kigiriki aliyekuwa akimpiga kofi kila rangi inapoganda. Mimi baba yangu alikuwa mtu wa reli, kutoka Tabora. Tulikuwa watoto wa wageni sote wawili, yeye Mkristo mimi Mwislamu, na nadhani ndiyo maana tulielewana haraka.

Siku yangu ya kwanza alinipa sufuria ya poda nyekundu na galoni ya mafuta. Akasema, "Changanya," akaenda zake kunywa chai. Nikaona hapa pana kazi gani? Nikamimina mafuta juu ya poda, nikakoroga kwa nguvu zangu zote, na mkono nilikuwa nao. Alivyorudi akachungulia.

"Binti, hii poda unailowesha au unaizika?"

"Nailowesha, Mzee."

Akachota bonge moja, akalipasua kwa ukucha wa dole gumba mbele ya pua yangu. Ndani kulikuwa kukavu kabisa. Poda ikanirukia, nikapiga chafya saba, nikatoka pale nyekundu kuanzia nyusi hadi kidevu. Nilivuka soko zima hivyo hivyo kurudi nyumbani, na wanawake wa sokoni wakaniuliza nani kanioa.

Sasa sikilizeni, hili la kwanza. Poda ya rangi si chembe tu. Katikati ya chembe kuna hewa, na hewa haitaki kutoka. Ukiimwagia mafuta kwa juu, mafuta yanafunga mlango hewa ikiwa ndani, na bonge linabaki bonge hata ukikoroga mpaka kesho. Kila aliyewahi kupika uji analijua hili, ila akiingia karakana analisahau. Mafuta yanatangulia chomboni. Poda inafuata, kidogo kidogo, kwa kuinyunyiza kwa vidole, na unaiacha ikae juu mpaka ianze kuzama yenyewe. Ikizama, ujue imekunywa. Isipozama, usiisukume. Mzee Damiano alikuwa akisema, "Mwache anywe mwenyewe, hana homa huyo."

Kuna poda nyingine hazikubali mafuta hata uzibembeleze. Buluu ndiyo kaidi kuliko zote. Kwa hizo alikuwa na chupa isiyo na lebo, ndani yake mafuta mazito ya soya yanayoteleza, na alitia kijiko kimoja tu. Chupa hiyo tuliiita mshenga. Mshenga anajuana na wa kikeni na anajuana na wa kiumeni, ndiyo maana ndoa inafungwa. Miaka ya baadaye chupa za mshenga zililetwa zimeandikwa Kiingereza kitupu, na mimi niliyesoma hadi kidato cha pili ndiye nilikuwa namsomea. Mkumbuke hilo la kusoma, kwa sababu ndilo lililonitia kiburi.

Baada ya kulowesha ni kusaga. Leo mna mashine zenye kisahani cha meno kinachozunguka kasi, dakika ishirini mmemaliza. Sisi tulikuwa na pipa la chuma lililolala ubavu, linazungushwa na mota, na ndani yake mawe. Mawe yenyewe tuliyaokota mto Mkondoa, yale meupe, ya duara, yaliyopigwa na maji mpaka yakakosa kona. Mzee Damiano aliyagonga mawili mawili karibu na sikio kama mtu anayechagua nazi. Lenye ufa analitupa. Ukiweka jiwe laini, linasagika lenyewe na unauza mchanga ndani ya rangi.

Pipa lilijaa nusu, si zaidi. Ukitaka kujua kazi inaendaje, hufungui, unasikiliza. Mawe yakiporomoka kwa mpigo mmoja mzito, rojo ni jepesi mno. Yakinyamaza, rojo ni zito, yamebandikana na ukuta wa pipa yanazunguka nalo bure. Sauti nzuri ni ya mvua inayoanza kwenye bati, ile ya kukufanya uinuke kwenda kuanua nguo. Nilikuwa nakula chakula changu cha mchana nimeliegemea lile pipa, na hadi leo kukiwa kimya sana nyumbani nawasha feni si kwa ajili ya joto.

Lakini kusaga nako ni nusu ya kazi. Hapa ndipo wengi wenu mtaharibu, na hapa ndipo nilipoharibu mimi. Chembe ulizozitenganisha kwa jasho la siku mbili zinataka kurudiana. Usiziamini. Zikishapata nafasi zinashikana upya, rangi inakatika kama tui lililochemshwa kwa moto mkali, na hakuna mshenga wa kuirudisha. Nafasi zinaipata wakati wa kufungua rangi, yaani wakati unaliongezea lile rojo zito mafuta na tapentaini ili liwe la kupakwa kwa brashi. Ukimwaga kwa pupa, rojo linashtuka. Chembe zinavuliwa mafuta yaliyokuwa yamezivika, zinabaki uchi, zinakumbatiana.

Kwa hiyo kufungua rangi ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja anamwaga, mstari mwembamba kama uzi wa kushonea. Mwingine anakoroga bila kukata. Na kanuni ya Mzee Damiano ilikuwa kwamba anayekoroga ndiye anayeamuru, awe mkubwa awe mdogo, kwa sababu mkono wake ndio unaosikia. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili namwambia mtu wa umri wa baba yangu, "Ngoja," naye anangoja. "Leta," naye analeta. Hatukuzungumza kitu kingine chochote kwa muda wote huo. Baada ya miaka kadhaa hata "ngoja" na "leta" tuliziacha. Alikuwa akitazama kifundo cha mkono wangu tu. Nilikaa kwenye ndoa miaka kumi na moja kabla mume wangu hajafariki, Mungu amrehemu, na sikuwahi kusikilizwa namna ile.

Halafu kuna kupima. Unapaka rangi kwenye kibao, unangoja ianze kushika, kisha unasugua sehemu moja kwa kidole. Kama chembe zimetulia, pale uliposugua na pale ambapo hukusugua panafanana. Kama zimeshikana, kidole kinazitenganisha, na alama ya kidole inatokea kwa rangi tofauti. Ni kipimo rahisi kuliko vyote, hakitaki umeme wala karatasi.

Ila kulikuwa na mwiko. Aliyeisaga rangi haisugui yeye. Anasugua mwenzake, na anayesugua ndiye anayetamka. Niliuliza sababu. Mzee Damiano akasema, "Jicho la mwenyewe lina huruma, Zena. Linaona kile tumbo linachotaka." Basi rangi yangu aliisugua yeye, rangi yake niliisugua mimi, na zaidi ya mara moja nilimrudisha kwenye pipa, akaenda ananung'unika Kigiriki cha matusi alichorithi kwa yule fundi wake.

Kisha likaja soko huria. Mmezaliwa ndani yake, hamwezi kujua lilivyoingia. Liliingia kwa makopo. Asubuhi moja duka la pale mjini likapanga dirishani makopo yanayong'aa, yana picha ya nyumba ya ghorofa na mbwa mweupe. Watu wakaenda kuyatazama kama wanavyokwenda kuona bibi harusi. Shirika letu likaanza kukohoa, likaishiwa, likauzwa vipande vipande. Banda letu na pipa lake alilinunua Bwana Hemedi, mfanyabiashara, kijana wa wakati ule, mpole wa maneno. Akaleta mashine ya kisahani. Wenzetu sita wakapunguzwa wiki ya kwanza. Tukabaki wawili, mimi na Mzee.

Siku moja Bwana Hemedi akaniita ndani ya kijichumba chake. Akaniambia mashine ile inahitaji mtu mmoja.

"Dada Zena, nyinyi wawili mnajuana. Mimi sijui rangi. Niambie wewe, nani ana faida zaidi hapa?"

Ningeweza kusema nipe siku moja. Ningeweza kutoka nje, hatua kumi, nikamwambia Mzee tumeulizwa swali hili, tujibu vipi? Nilikuwa na watoto watatu na mume nimemzika mwaka uliopita. Nyinyi mtasema nilikuwa na haki, na mimi nimejiambia hivyo mara nyingi. Nikasema, "Mimi nasoma maandishi ya chupa. Mzee hasomi." Ni kweli tupu. Sikuongeza hata kidogo.

Mzee Damiano aliondoka Ijumaa. Alikuwa na kipande cha shamba Magole, kule karibu na Dumila, kwa binti yake Paulina. Alikuja kuniaga akanishika mkono, akasema, "Uangalie buluu." Sikujua kama anajua. Nikamwambia, "Nitaiangalia, Mzee." Basi.

Upweke wa karakana si kama wa nyumbani. Nyumbani unajua unamkosa nani. Kule nilikuwa nageuka kila baada ya dakika tano kumwonyesha mtu kitu, na hakuna mtu. Nikimaliza kulowesha poda vizuri, nageuka. Mashine ikitoa sauti ngeni, nageuka. Nilianza kuisemesha ile mashine, halafu nikaona haya, nikaacha, halafu nikaanza tena. Nilituma salamu Magole kwa wachuuzi wa mahindi mara tatu. Hazikurudi.

Kwa upande wa kazi nilijitapa. Kumwaga na kukoroga kwa wakati mmoja nilikuwekea ujanja: kopo lililoning'inizwa juu ya chombo cha kukorogea, tundu la msumari chini yake, tundu limezibwa na nyuzi za mkonge ili mafuta yateremke taratibu peke yake. Mikono yangu inabaki huru kukoroga. Ilifanya kazi kwenye nyeupe, ikafanya kazi kwenye nyekundu. Nikaona kumbe nafasi ya yule mtu wa pili inajazwa na msumari.

Ndipo ikaja kazi ya Mikumi. Mtu mmoja alikuwa anajenga nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, ya kulaza watalii wanaokuja kuona wanyama. Alitaka kijani cha peke yake, akaniletea jani la kulinganisha, limefungwa kwenye leso. Bwana Hemedi akaniambia wazi: "Dada, hii ikikubali, ana nyumba nyingine tatu, tutaajiri. Isipokubali, banda hili nalifanya duka la makopo ya nje. Nimechoka." Nikamwuliza, tukiajiri, nitachagua mimi? Akasema nitachagua mimi.

Sasa mnajua kilichokuwa kinanisukuma. Kijani kile kikikubali, nitakwenda Magole mwenyewe nimrudishe Mzee Damiano, na ile sentensi niliyoisema ndani ya kijichumba itakuwa imefutika. Nilishamfulia hata koti lake la kazi lililobaki msumarini.

Kijani unakipata kwa njano na buluu. Unasaga kila moja peke yake, unazifungua, ndipo unazikutanisha. Njano ilikuwa tulivu. Siku ya buluu kulikuwa na baridi ya mwezi wa saba, mafuta yamekuwa mazito, hayateremki. Nikavuta nyuzi za mkonge kidogo ili yapite. Nikavuta kidogo tena. Zikachomoka zote. Mafuta yakashuka kwa mkupuo mmoja katikati ya rojo, na mimi mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine hewani. Ingekuwa Mzee ndiye anayemwaga, angekwisha kuona kifundo cha mkono wangu kabla hata sijasema ngoja.

Nikapaka kwenye kipande cha kioo, kile ambacho Mzee alikuwa akinipa nikitazame kwenye mwanga. Niliona vichembe. Vidogo, lakini niliviona. Nikaichuja rangi kwa soksi ya nailoni, vikapungua. Nikaichanganya na njano, ikatoka kijani kizuri, ukikiweka kando ya lile jani huoni tofauti. Nikapaka kibao, nikangoja ishike. Halafu nikasugua mwenyewe.

Tofauti ilikuwepo. Nilipeleka kibao dirishani, nikasema ni mwanga. Nikakigeuza, nikasema kidole changu kina jasho. Nikasugua mara ya pili kwa kidole kingine, na safari hii, wallahi, sikuona kitu. Nikafunga makopo.

Tulikwenda Mikumi kwa pikapu siku ya nne tangu wapakaji waanze, mimi na Bwana Hemedi, kupitia kijiji cha Ulaya, vumbi mpaka kwenye meno. Nilivaa kitenge kipya. Ukuta wa mbele ulikuwa umemalizwa asubuhi ile, mrefu, unatazama barabara. Ulipendeza. Mwenye nyumba alitoka ananyoosha mkono wa pongezi.

Wenyewe mnajua nyani wa Mikumi walivyo hawana adabu. Dume moja lilikuwa limekaa juu ya tofali, likaona watu wamesimama, likadhani kuna mkate. Likaja, likaweka kiganja kwenye ukuta mbichi, likashtuka kwa ule utelezi, likakivuta mpaka chini kabla ya kukimbia. Tukacheka wote. Hata mimi nilicheka.

Fundi mpakaji akasogea na brashi ili afute ile alama, akasimama.

"Bosi," akasema, "mbona hapa pamekuwa buluu?"

Tukaenda kuangalia. Njia ya kile kiganja, urefu wa mkono mzima, ilikuwa ya rangi nyingine kabisa, buluu kama sare za shule. Fundi akasugua kwa kidole chake pembeni, napo pakawa buluu. Akasugua palepale ambapo brashi ilipita mara mbili, napo. Ukishaiona huwezi kuacha kuiona. Ukuta mzima ulikuwa na michirizi. Mwenye nyumba akaurudisha mkono wake mfukoni. Rangi yangu ilikosa mtu wa kuisugua Kilosa, ikasuguliwa na nyani Mikumi.

Bwana Hemedi hakunigombeza. Njiani kurudi alisema tu kwamba mwisho wa mwezi atalifunga banda. Mimi nilikuwa nawaza koti lililofuliwa.

Wiki iliyofuata nilipanda gari kwenda Magole. Nilibeba kopo dogo la kijani kile na kibao kitupu, kwa nini hasa sijui. Nilitaka mtu anayejua aitazame, anikemee, tumalize. Nilimkuta Mzee Damiano barazani kwa binti yake, amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi kwenye ungo.

"Shikamoo, Mzee."

Mikono yake ikasimama. "Marahaba. Zena?"

"Ndiye mimi."

"Kaa. Paulina yuko shamba. Kaa."

Nikakaa kwenye mkeka. Hakuniuliza habari za salamu zangu wala mimi sikumwuliza. Nikamweleza kijani chote, mwanzo mpaka nyani, na kwenye nyani alicheka kidogo. Nikapaka kibao mbele yake, tukangoja ishike, tumekaa kimya kama zamani. Kisha nikamwekea kibao magotini. Akakipapasa kutafuta ukingo, akapapasa tena mpaka akapata rangi, akasugua kwa kidole kimoja, polepole. Hapo ndipo nilipoyaangalia macho yake vizuri. Yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe. Mtoto wa jicho.

"Haya," akasema. "Nimesugua. Niambie wewe unaona nini."

"Mzee, huoni?"

"Naona mwanga na kivuli. Ilianza tangu niko karakana. Ndiyo maana nilikuwa nakupa wewe kioo ukitazame. Sema unaona nini."

Aliyeisaga rangi ile nilikuwa mimi, na wa kutamka nikawa mimi tena, lakini safari hii mbele ya mtu.

"Ipo tofauti," nikasema. "Pale kilipopita kidole chako ni buluu."

"Na Kilosa uliiona?"

"Niliiona, Mzee."

Akatikisa kichwa, akakiweka kibao chini. Basi nikaona nimalize na lile la pili. Nikamwambia Bwana Hemedi aliuliza nani abaki, na mimi nilisema nini.

"Najua," akasema. "Yule kijana ana sauti kubwa, na bati halina siri. Nilikuwa nje nachambua mawe."

"Nisamehe."

Alipukuchua gunzi lote kabla ya kujibu. "Ningeulizwa mimi, ningekutaja wewe. Una watoto, na macho yangu nilikuwa nayajua. Nilikaa kwenye yale mawe nakungoja utoke uje uniulize. Ulitoka, ukapita, ukaenda kuwasha mashine."

Nililia, na yeye akaniacha nilie, akaendelea na mahindi yake. Baadaye akasema, "Wahi, gari la Kilosa halingoji mtu."

Nikasimama, nikachukua kopo langu. Nilifika kwenye ngazi ya baraza nikageuka. Mnajua desturi yetu: mgeni anaaga, mwenyeji anasema karibu tena. Hata mgeni aliyekuja kudai huambiwa karibu tena. Mimi kwa aibu yangu sikuthubutu kuanza. Nilisema moyoni, akinikaribisha, nitakuja kila mwezi, nitamsomea, nitamwambia rangi ya kila kitu. Nikasimama pale nimeshika kopo kwa mikono miwili, nangoja neno lake. Alikuwa ameinamia ungo. Nilingoja muda mrefu, hakuinua uso. Nikajua nimejibiwa. Nikavua ndara nisimsumbue kwa kelele, nikaondoka.

Sikurudi tena Magole. Banda lilifungwa, nikauza makopo ya nje dukani kwa Bwana Hemedi mpaka magoti yakakataa. Miaka ikapita. Siku moja nikakutana na Paulina stendi ya Dumila, akanitambua yeye. Akaniambia baba yake alifariki masika yaliyopita. Nikampa pole, nikamwambia nilitaka sana kuja, ila sikujua kama ningepokelewa.

"Mbona baba alikuwa anakuulizia kila mwezi?" akasema Paulina. "Kilichomuuma ni kitu kimoja tu. Alikuwa anasema, 'Zena aliondoka siku ile bila kuniaga. Nilinyamaza nikimsikiliza aage nimwambie karibu tena, nikamsikiliza weee, kumbe alishakwenda zamani.'"

Siku ile nilikuwa nimesimama palepale ngazini, hatua tatu kutoka kwa Mzee, nimenyamaza.